Masanduku Kumi na Moja ya Irmtraud

Kijiji chetu cha Lohrenbach kina watu mia na arobaini, na wote tunamwogopa Irmtraud Kessel kidogo. Tangu afiwe na mumewe, ndiye mwenye funguo za nyumba ya friza, kile kijumba cha matofali nyuma ya kanisa chenye masanduku ishirini na manne ya baridi. Kila familia ilikuwa na lake, enzi zile mtu alipochinja nguruwe akakosa pa kumweka. Siku hizi kila mtu ana friza jikoni kwake. Duka lilifungwa, shule ikafungwa, mchungaji twamwona mara moja kwa mwezi. Lakini kila Jumamosi asubuhi Irmtraud hufungua mlango ule, hukaa kwenye benchi, na anayefuata nyama yake haondoki kabla hajatoa habari zote za nyumbani. Mimi mwenyewe nilijulia pale kwamba binti yangu ana mchumba.

Halmashauri yetu ikapitisha kwamba yakitumika masanduku chini ya kumi, umeme ukatwe. Mimi ni mjumbe, na nilijua yamebaki sita. Irmtraud akaandika kwenye taarifa yake kumi na moja.

Mwezi wa Novemba mwenyekiti wetu, Volkmar, akaja kuhakiki. Nilikuwepo, nimefuata bata bukini wangu.

"Shangazi, nifungulie namba saba."

"Ya nini? Hiyo ya Albrecht."

"Albrecht si tulimzika miaka sita iliyopita?"

"Kwani nimekwambia yumo ndani?"

Akafungua. Mlikuwa na keki ya tufaha iliyofungwa vizuri, na karatasi yenye mwandiko wa Irmtraud: Albrecht, bila zabibu. Tukafungua mengine. Masanduku matano, marehemu watano, kila mmoja na keki yake jinsi alivyoipenda. Namba tisa iliandikwa: Hedwig, sukari kidogo.

Volkmar akaitoa keki ile. Hedwig alikuwa mama yake.

"Unaidanganya halmashauri, Shangazi," akasema.

"Naidanganya, ndiyo. Sasa Jumamosi niende wapi? Hebu niambie wewe, Volkmar, niende wapi?"

Sauti ilimkatika. Sikuwahi kumwona hivyo yule mama, na roho iliniuma. Nikajifanya natafuta bata wangu, ilhali bata mwenyewe nilikuwa nimemkumbatia. Volkmar akairudisha keki ya mama yake mahali pake, akafunga, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi kwenye kikao akasimama na karatasi yake. "Masanduku yenye vitu ni kumi na moja," akasema. "Nimeyahesabu mwenyewe." Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga mkono.

Jumamosi tulimkuta Volkmar mlangoni na ndoo ya soseji, amemtangulia hata mwenye funguo.

"Naomba namba tisa, Shangazi."

"Namba tisa ina mwenyewe," Irmtraud akamjibu.

"Najua. Tutabanana naye."

Irmtraud akamfungulia, kisha akasogea upande mmoja wa benchi.

"Haya, kaa. Mkeo mgongo unaendeleaje?"