Mama Kaa na Sindano ya Kioo

Amekunja mikono ya koti jeupe hadi kwenye viwiko. Chini ya hadubini, ndani ya kisahani chenye maji ya chumvi, umelazwa msuli wa mguu wa kaa. Anazungusha skrubu ndogo polepole, na sindano ya kioo, ambayo ncha yake haionekani kwa macho matupu, inausogelea.

"Usikohoe," anamwonya mwandishi bila kugeuka.

Mara mstari kwenye skrini unaporomoka kutoka sifuri hadi milivolti hasi sabini, kisha unatulia. Sindano imeingia ndani ya seli moja.

"Haya, sasa kohoa."

Huyu ni fundi wa maabara ambaye chuo kizima kinamwita Mama Kaa. Mumewe, fundi cherehani, hachoki kulichezea jina hilo. "Nikimwambia kaa, anauliza yuko wapi," anasema huku akicheka.

Kazi ya mama huyu ni kupima umeme mdogo uliomo ndani ya seli ya msuli uliopumzika. Anaueleza kama anayesimulia habari za majirani.

"Watu wanadhani kupumzika ni kulala. Wapi! Potasiamu imejaa ndani, sodiamu imejaa nje. Potasiamu inavuja kidogo kidogo kwenda nje, ndiyo maana ndani kunabaki hasi. Na kwenye utando wa seli kuna pampu, kutwa kucha zinatoa sodiamu na kurudisha potasiamu. Pampu zikisimama, umeme unaisha taratibu, na msuli hauitiki tena."

Miaka miwili iliyopita nusura aiage kazi hiyo. Mikono ilianza kutetemeka, sindano zikawa zinavunjika ovyo. Akaficha, akijitia ana shughuli nyingi kwenye matangi ya kaa. Nyumbani hakuweza kuficha. Alipomwaga chai mezani, mumewe alimshika viganja.

"Mke wangu, hii si baridi. Kesho hospitali."

"Nilimjibu vibaya," anakumbuka. "Niliogopa kuambiwa kazi basi."

Hospitali ilibaini kuwa kilichotetemesha mikono ni tezi ya shingo, iliyokuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Alipewa dawa na kuambiwa avute subira. Profesa anayeongoza maabara hakutafuta mtu mwingine. "Kiti chako hakikaliwi na mtu," alimwambia. Kwa miezi kadhaa Mama Kaa aliketi pembeni, akiwaelekeza wanafunzi kwa mdomo tu: "Taratibu, mwanangu. Hushoni gunia hapo!"

Siku aliporudi kwenye hadubini, maabara nzima ilisimama nyuma yake. Sindano ya kwanza ilivunjika. Ya pili nayo ikavunjika. Akatoka, akanawa uso, akarudi. Ya tatu ikaingia, na mstari ukashuka.

"Nililia kama mtoto," anasema. "Nikapiga kelele, jamani sogezeni kisahani, machozi yana chumvi, yataniharibia vipimo!"

Sasa, kwa vyuma na nyaya zilizotupwa, anaunda mtambo mdogo wa kubebeka ili wanafunzi wa sekondari nao wauone umeme huo, badala ya kuukariri ubaoni. Shule moja imeshamkaribisha.

"Mwezi ujao naenda, na kaa wangu ndani ya ndoo," anasema. "Nataka watoto wenyewe waishike ile skrubu. Wavunje sindano mpaka wachoke. Nitawatengenezea nyingine."