Bomba la Soko na Mapigo Matatu

Siku yangu ya kwanza kazini, nyapara Mokaya hakuniuliza hata jina. Alinipa spana, akaniamuru nilale kifudifudi na kutega sikio kwenye bomba la chuma. "Unasikia nini?" Maji, nikasema. "Maji si kazi yako. Kazi yako ni kuhesabu."

Ndivyo tulivyofanya. Mtu aliye kwenye tangi hawezi kumwona mshika valvu kule juu kwenye chemchemi, kwa hiyo wanaongea kwa chuma. Pigo moja, funga. Mawili, fungua. Matatu, kuna mtu ndani, usiguse. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini hesabu hiyo niliimeza.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Tulikuwa tunajenga bomba la umma sokoni, upande wa Ekerenyo: nguzo ya mawe yenye mifereji minne, maji yashuke yenyewe kutoka kilimani. Kabla ya hapo akina mama walishuka mtoni na mitungi.

Mwenzangu alikuwa Nyamweya, Msabato kamili, mtu aliyelima chai na hakuionja, sembuse pombe.

Asubuhi ya uzinduzi, Inspekta wa Maji aliona tope kwenye tangi. "Ingieni mlisugue. Mgeni wa heshima hawezi kunywa chura." Tangi lilikuwa na vyumba viwili, kati yake tundu la kupenya kwa tumbo. Nikabaki cha nje, penye mlango. Nyamweya akapenya cha ndani, maji yanapoingilia, akamgongea Mokaya, aliyeshika valvu kule juu, matatu.

"Sugua, bwana," akanitania. "Unapapasa kama bwana harusi!"

Kisha maji yakaja.

Mimi nilitoka. Yeye hakutoka. Huko sokoni mgeni alikinga kikombe, akanywa, watu wakapiga makofi.

Mokaya alinifuata hospitalini na karatasi. "Nilisikia matatu, ndugu yangu, sikatai. Lakini Inspekta alinisimamia kichwani, ati mgeni amefika, atakunywa upepo? Nikafungua." Akanisomea: Nyamweya aliingia bila ruhusa, akiwa amelewa. Msabato yule! "Weka kidole, tusifukuzwe sote."

Wenye makosa ni watatu, na nawataja: Inspekta, Mokaya, na mimi niliyeweka kidole.

Niliporudi kazini nikapewa bomba lile nilitunze. Kila asubuhi nikifungua koki kuu, jua limeshatoka na soko limejaa, bomba liligonga. Matatu. Ndipo maji yalipotoka. Inspekta akasema ni hewa. Likafukuliwa lote, likalazwa jipya. Matatu. Siku hiyo wanawake waliweka mitungi chini, na mama mmoja wa mbele akawaambia wenzake, "Yaya, hapana, msiteke bado. Hajamaliza." Ikawa desturi. Hata wachuuzi kutoka Mosocho walifundishwa kungoja, bila kuambiwa wanamngoja nani.

Mokaya alihamishiwa Nyamira, akapanda cheo. Inspekta akapata ofisi yenye zulia. Mimi nilikaa na bomba lile mpaka kifua kikanishinda, nikaachishwa kabla sijaota mvi. Nyinyi mnaoshika spana leo, mkisikia matatu msifungue, hata aliyesimama nyuma yenu awe nani.

Wiki niliyoachishwa nilikwenda kwa Moraa, mjane wa Nyamweya. Nikamweleza yote: karatasi, kidole, uongo wa pombe. Alikuwa anamenya ndizi, wala hakuinua macho.

"Mume wangu alinifundisha hesabu ya chuma," akasema. "Nilikuja kwenye bomba lenu mara moja tu, nikasikia, nikarudi zangu mtoni. Ya karatasi nilijua. Niambie ya ndani."

"Maji yalinifika kidevuni, shemeji. Nilikuwa nimemshika mkono kupitia lile tundu. Nikauachia."

"Alikuwa ameshakufa?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza hivyo.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa bado amenishika."