Mawese Kwenye Kamba ya Gri

Ninauza vyuma hapa Kindu: misumari, mabati, rangi, na kamba za chuma za kuvutia mizigo. Wachimbaji wa Kalima na Kampene wakija kununua kamba, huomba ile nyeusi isiyopakwa zinki, kwa sababu ni rahisi. Nawagombeza. Kwetu mvua haipiti, inakaa, na chuma kisichokingwa kinaliwa huku unakitazama. Wengine hucheka na kusema mama huyu anapenda faida. Waseme tu. Mimi najua kamba inavyooza, maana niliiona ikioza huku mtaa mzima ukiisifu.

Baba yangu alikuwa dereva wa gri ya bandarini. Ndivyo tunavyoiita winchi ile ndefu ya kupakua mizigo. Tulikaa Alunguli, ng'ambo ya mto, naye alivuka kwa mtumbwi kila asubuhi. Vita vilipofika, treni ilikatika, na grisi ikakatika pamoja nayo. Gri ikasimama ukingoni, ikinyeshewa juu na kupigwa na ukungu wa mto chini. Baba hakuwa tena na mzigo wa kuinua wala mshahara, lakini aliendelea kwenda. Alikuwa amemwambia kila mtu kwamba siku treni itakaporudi, mzigo wa kwanza atauinua yeye. Nadhani bila ahadi ile asingekuwa anaamka kitandani.

Sasa grisi hakuna, utafanyaje? Kwetu mawese ndiyo jibu la kila kitu. Tunapikia, tunawashia taa, tunampaka mtoto mwenye kikohozi, tunalainishia bawaba za mlango. Mama ndiye aliyeanza: alimpa baba chupa moja akapake ile kamba. Jirani akaona, akaleta yake. Mwishowe ikawa desturi ya mtaa, mwanamke akikamua mawese, chupa ya gri hutengwa kwanza. Na njaa ilikuwapo, tusidanganyane. Mashamba yalikuwa mbali na wenye bunduki walikuwa karibu. Nimekula sombe, majani ya muhogo, isiyo na tone la mafuta, huku chupa imejaa pale mezani ikimsubiri baba.

Kamba iling'aa. Baba akiifuta, kitambaa kilitoka chekundu, nasi tukasema ni mawese hayo. Nani angesema vingine? Mawese ni mekundu.

Vita vilipopoa, habari zikaja kwamba treni iko njiani, na fundi akaletwa kuikagua gri kabla ya kazi. Siku hiyo nilikuwa nimempelekea baba chakula. Fundi alichukua chuma chenye ncha, akakiingiza katikati ya nyuzi za kamba, akazipanua. Ndani mlijaa unga wa kutu. Nyuzi nyingine zilikatika vidoleni mwake.

"Papa, mulipakala nini hapa?"

"Mawese," baba akajibu.

"Mawese ya nyumba iko na maji, tena iko na ukali. Huku juu inang'aa, kule ndani inakula chuma. Hii kamba haitainua hata kitanda, papa."

Hakuwa mtu mbaya, alisema kwa upole. Baba aliuliza kama kuna kamba nyingine. Haikuwapo, na wala haikuja kuletwa.

Tulirudi kwa mtumbwi. Katikati ya mto baba akaniambia, "Mama yako asijue. Na bale bamama bengine pia, hapana. Walitoa chakula ya watoto wao."

Kesho yake alitangaza kwamba mgongo umemkataa, hawezi tena kupanda gri. Jirani aliyekuja na chupa aliambiwa airudishe jikoni, grisi itakuja na treni. Wakubwa wa bandari hawakupenda kuulizwa kwa nini hawakuleta kamba nyingine, wakamwacha aseme hivyo. Treni ilipofika, mizigo ilishushwa kwa mabega, na baba alibaki nyumbani.

Watu walimcheka. Walisema gri ni nzima, dereva ndiye mwoga. Mama hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa amewanyima watoto wake mafuta kwa ajili ya siku moja, na mume wake akaikimbia siku yenyewe. Hakumtukana hata mara moja, ila hakuzungumza naye tena kwa sauti ile ya zamani. Baba alikufa na jina hilo la uoga, na inaniuma. Wakati mwingine namkasirikia yeye, kwamba aliniachia mzigo huu nikiwa na mdomo uliofungwa.

Siku hizi bandarini kuna gri nyingine, kamba yake ni ya zinki, nyeupe, haihitaji chupa ya mtu. Juzi nilivuka na mama kwenda hospitali. Amezeeka sana, macho yake tu ndiyo bado makali. Gri ilikuwa inashusha saruji. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Ile yetu ilikuwa na nguvu kupita hii," akasema. "Tuliitunza muzuri. Baba yako njo alichoka."

Mtumbwi uligusa ukingo. Nikamshika mkono asije akaanguka.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alichoka."