Amina kwa Ajili ya Providence

Shangazi yangu, Léa Kavuo Vagheni, alikufa mwezi wa tatu mwaka huu, nyumbani kwake Butembo. Kwetu, mtu akizikwa, mmoja wa jamaa husimama kando ya jeneza na kusoma maisha ya marehemu: alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, aliolewa na nani, aliugua nini. Ukurasa mmoja unatosha, kwa sababu watu wamesimama juani na kwaya inangoja. Mimi ndiye niliyeandika ukurasa wa shangazi. Mengi hayakuingia. Nayaandika hapa kwa ajili ya akina mama wa kanisa walioniomba.

Alizaliwa Lubero, kwenye baridi na viazi, dada mdogo wa baba yangu. Alisoma katika shule ya misioni, akaacha mwaka wa nne wa sekondari kwa sababu alichumbiwa. Shule ile ilikuwa na kabati la riwaya za Kifaransa, na shangazi alizimaliza zote. Jioni wasichana walipokaa jikoni kuchambua maharage ya kesho, yeye aliwasimulia kwa Kiswahili yale aliyosoma. Aliniambia kwamba aligundua jambo moja mapema. Katika vitabu vile, mwanamke akipenda sana, au akikataa sana, hufa kwenye kurasa za mwisho. Mmoja kwa homa, mwingine kwa sumu, mwingine mtoni.

“Banaume banabaki,” alisema kwa Kiswahili chetu cha huku, ambacho wanaume ni banaume. “Banalia vizuri. Kisha kitabu kinaisha.”

Mume wake alipofariki, alianza kazi katika depo moja ya kahawa mjini. Wanawake huketi kwa mistari chini ya paa la mabati, kila mmoja na ungo wake, wakitoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizoliwa na wadudu. Ni kazi ya macho na vidole. Mdomo hauna kazi. Shangazi aliupa kazi mdomo wake. Kwanza alisimulia riwaya za kabatini, moja kwa wiki moja au mbili. Zilipokwisha, alianza kutunga zake.

Kapita, yaani msimamizi wa depo, Salomon, alikuja mara ya kwanza kuwanyamazisha. Akasimama, akasikiliza, akaketi juu ya gunia. Kesho yake aliuliza, “Mama Kavuo, ule mwanamuke alifika wapi?” Tangu siku hiyo hakuna aliyezuiwa.

Mwanamke ambaye shangazi alimpenda kuliko wote aliowatunga aliitwa Providence. Alikuwa mjane wa Mangina. Mume wake alikufa wakati wa ule mlipuko wa homa ya kutokwa damu, shemeji zake wakachukua shamba la kakao, wakamwambia arudi kwa baba yake. Baba alikwisha kufa. Providence alikuwa na mimba, na ulimi mkali. Aliwaambia shemeji zake mambo ambayo wanawake wa depo waliyarudia nyumbani kwa wiki nzima, hata kwa waume zao. Kisha akashika barabara ya Beni kwa miguu, akielekea Butembo.

Shangazi hakuanza kamwe kwa kusema kwamba hii ni hadithi. Alikaa, akavuta ungo, akasema kama mtu anayetoa habari za jirani: “Providence alilala vibaya. Mvua ilimupiga pale Beni.” Wenzake wa zamani walimzoea. Lakini katika wiki hizo aliingia mwanamke mpya deponi, Hulda, ambaye katika kanisa letu ndiye anayeongoza kikundi cha maombezi. Hulda aliikuta hadithi katikati. Naye, kama sisi sote hapa, amewapokea wanawake wengi waliofika kwa miguu kutoka upande wa Beni na vifurushi kichwani. Hakuona sababu ya kumshangaa mmoja zaidi.

Siku moja shangazi alimfikisha Providence karibu na Butembo. Giza lilikuwa linaingia, uchungu umeanza, hakuna nyumba. Salomon akapiga chuma cha kufunga kazi. Usiku ule ule habari ilifika kwamba dada mkubwa wa shangazi na baba yangu amekufa Lubero, na asubuhi shangazi akapanda gari kwenda kwenye matanga. Alikaa huko mpaka yalipokwisha. Providence alibaki barabarani.

Hulda hakuweza kulala. Alipeleka jina la Providence katika kikundi cha maombezi. Wakafunga, wakaomba. Akina mama wakaleta nguo za mtoto, sabuni, kipande cha kitenge. Wanawake wengine wa depo walikuwa Wakatoliki au wa makanisa mengine, hivyo katika kikundi hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba Providence ni wa hadithi.

Shangazi alirudi siku ya Jumamosi. Jumapili tuliketi naye benchi moja. Mchungaji Timothée alitaja mahitaji ya maombi: mgonjwa fulani, wanafunzi wa mtihani wa taifa, na “dada yetu Providence wa Mangina, ambaye uchungu wa kuzaa umemkamata njiani.” Kanisa zima lilisimama. Niliona mkono wa shangazi ukishika mgongo wa benchi la mbele. Nilidhani atacheka, au atakwenda mbele kusema. Mchungaji alipomaliza, shangazi alisema “Amina” kwa sauti kubwa kuliko watu wote wa upande wetu.

Jumatatu deponi Hulda alimwuliza, “Mama Kavuo, binguo tutume wapi? Alizalia kwa nani?”

Kabla shangazi hajajibu, mwenzake mmoja, Masika, aliangusha ungo kwa kucheka. “Hulda! Uko unatafuta Providence? Huyo hana kijiji, anakaa mu kinywa ya Kavuo!”

“Namna gani, mu kinywa?”

“Ni masimulizi, mama! Wewe ulifungia masimulizi!”

Watu walicheka mpaka Salomon akaja. Hulda hakucheka. Jioni habari ilikuwa sokoni. Kwa miezi mingi wauza unga walimwita kutoka mbali: “Mama Hulda, na ule mugonjwa wako, alishazaa?” Nguo zilipewa mama mmoja mkimbizi aliyekuwa amejifungua katika shule tulimowahifadhi wakimbizi. Lakini Hulda aliacha depo, na alipeleka jambo lile mbele ya baraza la wazee.

Wazee walimwita shangazi. Mzee Éliakim, ambaye ni msemaji wao, aliniambia baadaye kwamba hawakutaka makubwa. Asimame siku ya Jumapili, aseme: nilidanganya kanisa la Mungu kwa hadithi za uongo, naomba msamaha. Basi. Shangazi alisema kwamba ataomba msamaha kwa sababu alinyamaza kanisani. Kwa hadithi, hapana. Hakumwambia mtu yeyote kwamba Providence ni jirani yake, na hakuomba nguo.

“Donc, ni kusema Providence eko mutu wa kweli?” Éliakim alimwuliza.

“Hapana.”

“Basi ni uongo.”

“Hapana vilevile, muzee.”

Wakamweka chini ya nidhamu. Kwa wasiojua desturi yetu: mtu aliye chini ya nidhamu huja ibadani, huimba, hutoa sadaka, lakini Meza ya Bwana inapotayarishwa huondoka na kwenda nje. Na akifa kabla ya kurudishwa, mchungaji hamziki. Jamaa wanamzika wenyewe, bila kwaya, bila neno.

Shangazi alitoka nje kila Meza kwa muda wa miaka miwili. Alisimama ukutani karibu na pikipiki za waumini, akangoja wimbo wa mwisho, akarudi ndani kuchukua mwavuli wake. Deponi hakusimulia tena. Wanawake walimbembeleza. Salomon mwenyewe alilalamika kwamba sasa wanasinzia na kugombana, na punje nyeusi zinapita. Shangazi alikataa. Alisema kwamba hawezi kuanza hadithi ya mwanamke mwingine wakati mmoja yuko barabarani, na huyo mmoja, yeye akiwa chini ya nidhamu, hana ruhusa ya kumgusa.

Mwaka jana figo zake zilianza kushindwa. Hospitali ilimrudisha nyumbani mwezi wa pili. Mimi nilikuwa ninamwosha na kumpikia uji. Nilimwogopea kaburi kuliko nilivyouogopa ugonjwa, na nilimwambia.

“Shangazi, sema tu yale maneno. Wakikuzika bila kanisa, tutaambia watu nini?”

“Mutabaambia nimekufa. Bataona sanduku.”

“Mimi sichezi.”

“Hata mimi hapana cheza, mwanangu. Nataka Meza. Kila mara nikitoka, magoti inaniuma. Mais, lakini nikisema ilikuwa uongo, nitakuwa nimedanganya mara ya kwanza, tena mbele ya Meza yenyewe.”

Mzee Éliakim alikuja, akasoma, akaomba, akakumbusha kwamba mlango uko wazi, limebaki neno moja. Akaenda.

Alhamisi ni siku ya kikundi cha maombezi kutembelea wagonjwa. Wengine walikuwa wamekuja kabla. Alhamisi ile alikuja Hulda peke yake, kwa sababu zamu ilikuwa yake na hakupata mtu wa kubadilishana naye. Alisema hivyo mlangoni, ili tusifikiri vingine. Aliketi mbali na kitanda na mkoba juu ya magoti. Aliomba maombi mafupi sana. Kisha hakusimama.

“Nilifunga,” alisema. “Nilikuwa na vidonda vya tumbo, nikafunga. Na wewe ulikuwa pale, ukasema Amina. Ulikuwa unanicheka?”

“Hapana, Hulda.”

“Basi ile Amina ilikuwa ya nini?”

Shangazi aliomba nimwinue. Niliweka mto nyuma yake.

“Nilikuwa nimeshamukatia kifo,” alisema. “Providence. Kule Lubero, kwenye matanga ya dada yangu, nilipanga vyote. Alikuwa afe pale njiani na mutoto wake, asubuhi dereva mumoja wa kamyo amukute. Nilijua kila neno. Depo yote ingelia. Banamuke ba namna yake banakufaka vile, nilivisoma tangu ningali kijana, sikujua njia ingine. Kisha nafika kanisani, nasikia batu bote banasimama. Banamuombea. Kwa mutu wangu! Nikaona haya. Nikaona mimi peke yangu mu kanisa nzima ndio nataka afe. Mchungaji aliposema azae salama, nikasema Amina. Nilisema kwa roho yangu yote. Nilipashwa kusimama nikueleze, sikusimama, na ile ni kosa langu kwako. Mais Amina yenyewe ilikuwa ya kweli.”

Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira ukutani.

“Kwa hiyo hakufa,” alisema Hulda.

“Nani angemuua tena? Nyinyi muliomba.”

“Alizalia wapi?”

“Sijui bado. Nilifungwa mudomo, unajua.”

“Usinicheze, Kavuo. Nilimufungia yule mutu. Alizalia wapi?”

Na shangazi, ambaye kwa miaka miwili hakuwa amesimulia hata neno, alimwambia. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu alikuwa anapumzika kila mara. Nilikwenda kuchemsha maji, na niliporudi Hulda alikuwa amesogeza kiti mpaka kitandani na mkoba umeanguka chini.

Jumamosi Hulda aliingia kwenye baraza la wazee bila kuitwa. Haya niliyapata kwa Mzee Éliakim mwenyewe. Alisema: “Kama kuna mutu aliyedanganywa, ni mimi. Na mimi ninasema maombi yangu ilijibiwa.”

“Imejibiwa namna gani, mama? Mutu mwenyewe hayuko.”

“Alikuwa afe. Hakufa. Nyinyi muliomba nini siku ile, muzee? Haiko azae salama?”

Wazee walijadili mpaka adhuhuri. Mmoja alisema kwamba kwa njia hii tutaombea hata picha za kalenda. Éliakim hakuwa na hakika, na hana hakika hata sasa. Aliniambia hivyo bila aibu. Lakini mchungaji Timothée alisema kwamba aliyekosewa amekwisha kusamehe, na kosa lililobaki ni lile la kunyamaza, ambalo marehemu (wakati huo mgonjwa) alikuwa tayari kulikiri tangu siku ya kwanza.

Jumapili jioni mchungaji na wazee walikuja nyumbani pamoja na Hulda. Shangazi aliomba msamaha kwa kunyamaza mahali alipopaswa kusema. Hakuna aliyemwuliza habari ya hadithi. Mchungaji alimpa mkate uliotiwa katika juisi ya marakuja, yaani pasheni, kwa sababu hakuweza kuumeza mkavu. Hulda alishika kikombe. Shangazi aliuliza kama kuna aliyefunga mlango wa kuku. Alhamisi iliyofuata Bwana alimchukua.

Kwaya ilikuja yote. Depo ilifungwa asubuhi, na wanawake wa kahawa walikuja na vitambaa vyao vya kazi kichwani. Kwa kuwa nilikuwa ninalia, Mzee Éliakim alipokea ukurasa wangu na kuusoma. Mahali pa kazi nilikuwa nimeandika: mchambuzi wa kahawa na mtunzi wa hadithi. Alifika hapo, akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Akasoma yote mawili.

Baada ya matanga Hulda alirudi kazini deponi. Salomon alimpa nafasi ya shangazi, karibu na mlango ambako kuna mwanga. Siku ya kwanza wanawake walichambua huku wakimwangalia, mpaka Masika akashindwa kuvumilia.

“Mama Hulda. Tunasikia alikuambia. Providence alizalia wapi?”

Hulda alivuta ungo. “Kwa mama mumoja anayechoma mahindi kando ya barabara. Karibu kabisa na hapa.”

“Na mutoto?”

“Binti. Musisimamishe mikono, kapita eko anaangalia.”

Salomon alikuwa ameshakaa juu ya gunia.