Michi Miwili, Kinu Kimoja

Bustani yetu iko nyuma ya nyumba, hapa Shika Adabu, Likoni, na haizidi ukubwa wa vyumba vitatu. Watu wakisikia mtu na mumewe wanalima na kupika pamoja, hudhani ni mambo ya utulivu. Mimi sijauona utulivu huo. Alfajiri natoka na kopo la chumvi, nawamwagia konokono wanaotafuna bamia zangu, na nasimama pale pale kuwatazama wakitoka povu mpaka waishe. Wale wakubwa nawaponda kwa mgongo wa jembe. Tumbili walikuwa kazi ya mume wangu. Alikuwa na rundo la mawe kando ya mlango wa jikoni, na shabaha yake, baada ya miaka mingi ya ukuli bandarini, ilikuwa ya kuogofya. Siku aliyompasua mmoja kichwa juu ya mpapai tulishangilia sote wawili, kisha tukachuma mapapai yaliyosalia.

Nilivipenda vita vile, sitaki kusema uongo. Jikoni navyo viliendelea. Yeye alipasua nazi kwa pigo moja la panga, mimi nikachinja kuku huku yeye kamkanyaga mbawa. Lakini raha yetu kubwa ilikuwa kisamvu. Tulichuma majani machanga ya mihogo yetu wenyewe, tukayatia kinuni na kitunguu saumu, tukayatwanga wawili kwa mpigo, kila mtu na mchi wake. Wangu ukipanda, wake unashuka. Vichwa vyetu viliinamia kinu kimoja, karibu kugusana, na ile michi ilikuwa mizito. Mmoja angechelewa kwa kupepesa jicho tu, mwenzake angepasuliwa. Hatukuhesabu wala hatukusemezana. Jirani wa upande wa pili alikuwa akisikia mdundo ule anajua leo kwetu kuna kisamvu cha nazi, na analeta bakuli.

Hasira zangu ziko karibu, nimezaliwa nazo. Nilishavunja sahani, nilishamchania shati, nilisharusha sufuria ya wali ukutani mpaka rangi ikabanduka. Yeye alikuwa akicheka. "Mtaa mzima unaitwa Shika Adabu," alisema, "na wewe huna hata ya kuazima." Yeye mwenyewe sikuwahi kumpiga.

Mama yangu alipofariki, kule kwetu milima ya Taita, wajomba waling'oa shamba lake lote wakapanda miti ya mbao. Nilichowahi kuokoa ni mbegu za mbaazi, fundo moja la kanga, zile alizozipanda yeye na mamake kabla yake. Nilirudi nazo Likoni nikazining'iniza juu ya mafiga, zipate moshi zisiingiwe na wadudu, nikawa nangoja mvua. Kwetu kinachoning'inia juu ya moshi ni mbegu. Hata njaa iingie, hakuna mkono unaokigusa. Sikuona haja ya kumweleza mtu jambo hilo, maana kwangu lilikuwa wazi kama mchana.

Mume wangu ni Mgiriama. Kwao mbegu hukaa ndani ya kibuyu, chumbani kwa mwenye nyumba. Juu ya moto kuna uchaga, na kilichoko uchagani ni chakula kinachongoja kupikwa. Hilo nalo hakuona haja ya kunieleza.

Jumapili moja nilitoka kanisani nikamkuta amejifunga kanga yangu kiunoni, jikoni kunanukia tui. Amepika mbaazi za nazi, amenunua na mahamri. Nilikula sahani mbili. Nililamba vidole. Nilimwambia tangu nizaliwe sijala mbaazi tamu kiasi hicho isipokuwa kwa mama, na akafurahi mpaka akaona haya.

"Si ndizo zile zako ulizozitundika," alisema, akaelekeza kidevu juu. "Nikaona zitaharibika bure."

"Zote?"

"Zote, mama. Kwani zilikuwa nyingi?"

Mchi ulikuwa umeegemea ukuta. Sikumbuki kuuchukua. Nakumbuka uzito wake ulivyotoka mkononi mwangu, na nakumbuka mlio, ambao ulikuwa mlio wa nazi ikipasuka. Ulimpata juu ya jicho la kushoto. Alikaa chini taratibu, akainama mbele, na damu ikachuruzika ndani ya chungu. Na mimi, Mungu anisamehe, kabla ya kumtazama yeye nilitazama kwanza chungu, nione kama imebaki hata punje moja nzima isiyoiva.

Alishonwa zahanati. Muuguzi alipouliza, alisema amejigonga kwenye boriti. Wifi yangu alikuja kumjulia hali, akalitazama lile jicho lililovimba, akanitazama na mimi. "Boriti gani hiyo, wifi, iliyo chini hivyo?" Mume wangu alimjibu kwa niaba yangu kwamba nyumba ni ya zamani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Ingekuwa afadhali angenipiga.

Hakunipiga, wala hakugomba. Alinunua jiko dogo la makaa, akawa anajipikia ugali na dagaa barazani, anakula peke yake. Alimwagilia bamia na pilipili alizozipanda yeye, upande wangu wa mihogo hakuugusa. Tumbili walikuja wakala watakavyo, rundo la mawe likaota nyasi. Nilipopita na kisu kwenda kuchuma mboga, aligeuza kiti chake ili anione. Siku moja nilitafuta panga la kuvunjia nazi kila mahali. Nilipoinama kufagia nililikuta chini ya kitanda, upande anaolala yeye.

Nikajua hapo kwamba mume wangu ananiogopa ndani ya nyumba yake, na kwamba mtu anayemwogopa mkewe mwisho wake ni kuondoka.

Kwetu kuna jambo tunaloliita kutasa. Mwenye hasira anajaza maji mdomoni, anayapuliza nje, na kwa maneno yake mwenyewe anaitaja hasira yake na kuiambia itoke, kwa sababu ikibaki moyoni itamdhuru aliyekusudiwa hata kama mwenyewe hataki. Nilipookoka nilikuwa nikilicheka jambo hilo. Alasiri ile sikucheka. Nilichota maji kikombeni, nikasimama mbele ya kile kiti chake, nikajaza mdomo, nikayapuliza kwenye udongo wa mihogo.

"Nilitaka ufe," nilimwambia. "Ilikuwa nukta moja tu, lakini nilitaka. Itoke."

Nikajaza mdomo tena, nikapuliza.

"Nilitazama chungu kabla ya kukutazama wewe. Itoke."

Nilidhani hilo halijui, na ndilo nililoliogopa kuliko yote. Alifuta matone yaliyomrukia mguuni.

"La chungu nililiona," alisema. "Jicho moja lilikuwa zima."

Kisha akaingia ndani. Sikupewa msamaha wowote siku ile, na sikuudai. Siku ya tatu nilichuma kisamvu, nikakitia kinuni, nikaanza kutwanga peke yangu, pigo zito la mtu mmoja ambalo halina utamu wowote. Nilikuwa nimeshafika nusu nilipomsikia nyuma yangu. Alikuwa ameshika mchi wake. Akaja kusimama mbele yangu, upande wa pili wa kinu, akainamisha kichwa mahali pake pa siku zote.

Niliinua mchi. Uso wake ukakunjamana wote, shingo ikaingia mabegani, na lile jicho la chini ya kovu likafumba. Miguu yake lakini haikurudi nyuma. Nikashusha, naye akainua, na jioni jirani akaleta bakuli.

Tunalima bado, tunapika bado. Tumbili wameanza tena kupigwa mawe, na panga liko jikoni. Mbegu za mbaazi nilinunua sokoni, zimeota vizuri, na si zile za mama. Kisamvu tunatwanga kila wiki, na kila mara, kwenye pigo la kwanza, jicho lile hufumba. Yeye hajui kwamba linafumba. Mimi huuzuia mchi wangu juu kidogo, nikangoja lifumbuke.