Duara la Dhahabu Kwenye Kioo

Aibu hii nimeificha wiki nzima, acha niitoe. Nyumbani kwangu Cheyo nakusanya slaidi za radiolaria, visukuku vya viumbe wa baharini wadogo mno, wa kutazamwa kwa hadubini. Ya kwanza alinipa mwalimu wetu wa baiolojia nilipomaliza shule, enzi zile natembea na kichupa cha asali ya mama kutoka Goweko mfukoni. Ina duara la dhahabu ambalo nimewatambia wageni miaka yote kuwa ni kisukuku adimu.

Jumapili mwalimu alinitembelea.

"Shikamoo, Mwalimu. Hebu litazame duara lako!"

"Marahaba." Akachungulia, akatia mate kidoleni, akafuta kioo, akanusa. Duara likatoweka, mke wangu akishuhudia.

"Asali ya mama yako hii," akasema. "Nilikukataza mara ngapi kula ndani ya maabara?"