Milio ya Kabati la Korbinian

Jirani yangu mjane, hapa kijijini kwetu Bavaria, Ujerumani, ana vidole vinene vya kukanda mikate, na husikiliza huku amefumba macho. Sheria ilimtaka marehemu mumewe, Korbinian, aifiche namba ya kabati la bunduki hata kwa mkewe, naye akaificha miaka yote. Nilipokwenda kuzinunua bunduki hizo, nilibeba keekee ya kulitobolea kabati.

“Weka chini dude lako, bwana.” Akazungusha kitasa cha namba kulia, kushoto, kulia, kikilia tik-tik. Likafunguka.

“Kumbe alikwambia, mama!”

“Yule? Thubutu! Nilikuwa jikoni, nahesabu milio ya kitasa akifungua.”

Nikanyoosha mkono kwenye bunduki, akaushika. “Utachukua kesho. Sasa funga, ufungue wewe. Polepole, kama yeye.”

Akarudi jikoni kusikiliza. Nilifungua mara tatu, na birika likachemka bila mtu kuliondoa.